Uzi: Umekusanya data za PhD za watu, ya kwako je? Nafasi za uzamifu zenye ufadhili, tuzungumze

Mchu_na_Mkandaa

Nawaandikia hasa ninyi mnaofanya usaidizi wa utafiti hapa Pwani. Ndio mnaoshuka matopeni Gazi na hori la Tudor na utepe wa kupimia, mnaobisha milango Kisauni na Kongowea na dodoso kwenye tableti, mnaokwenda kwa chifu kuomba ruhusa, mnaokesha mkitafsiri mahojiano ya wazee. Mgeni huja na mradi wake, akakaa miezi michache, akarudi kwao, na baada ya miaka mitatu minne ni daktari. Jina lako liko kwenye ukurasa wa shukrani.

Sina ugomvi na mgeni huyo. Alisoma tangazo, akaomba nafasi, akapata. Ninachosema ni kwamba nafasi ile ile ungeweza kuiomba wewe, na wengi wetu hatujui kwamba iko wazi kwa Mkenya.

Hapa kwetu mtu akisikia ufadhili wa PhD hufikiria fomu moja kubwa ya serikali fulani: unajaza, unangoja jina litoke. Za namna hiyo zipo, kama zile za Jumuiya ya Madola za Uingereza. Lakini nyingi mno huzaliwa kwa njia nyingine. Profesa anaomba pesa za mradi, tuseme wa mikoko, au wa malaria, au wa lugha. Ndani ya bajeti ameweka mshahara wa mwanafunzi mmoja au wawili wa uzamifu. Pesa zikitoka, chuo hutangaza nafasi hiyo kama kinavyotangaza kazi yoyote. Uholanzi na Norway ni kazi kwelikweli, ina mkataba, mshahara, kodi na likizo. Uholanzi huwa miaka minne. Norway mitatu, au minne ikiwa robo ya muda wako utakuwa unafundisha. Kwa hiyo barua yako nayo iandikwe kama ya mtu anayeomba kazi, siyo ya mtu anayeomba asaidiwe.

Umoja wa Ulaya una mpango uitwao Marie Skłodowska-Curie, na ndani yake mna mitandao ya uzamifu: vyuo kadhaa vinaungana, kila kimoja kinaajiri mwanafunzi wake. Uraia si kikwazo. Masharti yake makubwa ni mawili: usiwe na PhD tayari, na ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi ya chuo unachokiomba. Hebu lifikirieni hilo sharti la pili. Kijana Mjerumani aliyesoma kwao na bado anaishi huko hawezi kuomba nafasi ya Ujerumani, na wewe wa Likoni unaweza. Matangazo hutoka kwenye tovuti ya EURAXESS na kusoma ni bure.

Uingereza pana mtego, na wengi wamenaswa kwa kutosoma aya ya mwisho. Tangazo litasema nafasi imefadhiliwa kikamilifu, na posho imetajwa. Kiwango cha chini cha UKRI, shirika la umma la Uingereza linalofadhili utafiti, kwa mwaka wa 2025/26 kilikuwa pauni 20,780. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba karo inayolipwa ni ya kiwango cha wenyeji. Karo ya mgeni huwa juu sana kuliko hiyo, na pengo ni juu yako. Vyuo vingi hulisamehe pengo hilo kwa mgeni wanayemtaka, lakini UKRI wameweka mpaka: wageni wasizidi asilimia 30 ya wanaochukuliwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye barua pepe yako liwe hili: je, mwombaji kutoka Kenya atalipiwa karo yote? Uliza mapema, kabla hujatumia wiki nzima kuandika.

Marekani ni habari nyingine. Kule unaomba programu ya idara, na ukikubaliwa hulipiwa karo na kupewa posho kwa kufundisha au kufanya kazi maabara. Huchukua miaka mitano au zaidi, na katika idara nyingi unaweza kuingia hata na shahada ya kwanza peke yake. Makataa mengi ni mwezi wa Disemba. Ada ya maombi inaweza kusamehewa ukiomba kwa adabu kabla ya makataa. Na ukipewa nafasi yenye ufadhili, vyuo vingi vimekubaliana kwamba usishurutishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa hiyo usikurupuke.

Sasa nije nyumbani. Sheria ya Kenya inamtaka mtafiti mgeni apate kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na ili akipate ni lazima awe ameshikamana na taasisi ya hapa. Maana yake kila mradi wa kigeni ulioko Pwani una mwenyeji wake hapa hapa: KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi pale Mkomani, Chuo cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), Chuo cha Pwani, Makavazi ya Kitaifa pale Fort Jesus, KEMRI ya utafiti wa tiba kule Kilifi. Ukitaka kujua ni nani duniani ana pesa za kutafiti jambo ulijualo wewe, anza kwa hao wenyeji. Nenda kwenye semina zao. Soma makala zao mpaka mwisho, pale panaposhukuriwa mfadhili. Jina la mfadhili na namba ya mradi viko pale.

Na jambo linaloniuma kuliko yote. Kuna vijana Gazi ambao maji yakikupwa husimama kwenye tope, wakapima unene wa mti kwenye kimo cha sentimita 130 kutoka chini, mmoja akiita namba na mwingine akiandika. Wanajua mchu, mkandaa, muia na mkomafi tangu utotoni, kabla hawajaonyeshwa jina la Kilatini. Wanajua kusi ikivuma ni mlango upi wa hori haupitiki. Gazi ndiko ulikoanzia mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, hekta 117 za mikoko ambayo kaboni yake inauzwa, na watafiti wa Ubelgiji wamekuwa wakija kijijini hapo tangu miaka ya 1980. Kisha kijana aliyekulia ndani ya elimu yote hiyo akiandika barua ya maombi anasema yeye ni mchapakazi na anapenda kujifunza. Basi! Yale anayoyajua ameyaacha nje ya barua.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Kijana_Likoni

Shukran Daktari. Mimi nimetumiwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, PhD Kanada yenye ufadhili wote, lakini ajenti anataka elfu kumi na tano ya "kuhifadhi nafasi" kwa M-Pesa leo hii. Amesema zimebaki nafasi mbili. Nimtumie?

Mchu_na_Mkandaa

Usitume hata shilingi. Chuo chenye ada ya maombi huipokea kupitia tovuti yake chenyewe, kwa jina lake, na risiti unapata. Nafasi ya PhD haihifadhiwi na mtu wa kati. Chukua jina la chuo alichokutajia, ingia kwenye tovuti ya chuo hicho, tafuta idara, tafuta jina la msimamizi. Kama tangazo halipo pale, halipo popote.

Maabara_Kilifi

Naongezea upande wa afya maana ndiko niliko. KEMRI-Wellcome Kilifi wako tangu 1989 na wana programu yao ya kulea watafiti, inaitwa IDeAL. Njia ya wengi niliowaona ni hii: mtu anaanza na mafunzo kazini akiwa na shahada ya kwanza, anafadhiliwa uzamili, kisha anashindania uzamifu. Wengi wa uzamifu husajiliwa chuo cha nje, kwa mfano Open University ya Uingereza, huku kazi yote wakiifanya hapa. Analala kwake, anapanda matatu ya Kilifi asubuhi.

Jambo ambalo watu hulidharau ni barua za mapendekezo. Nimekaa upande wa kupanga faili za waombaji, nawaambia barua nyingi ni mistari minne: namjua, alikuwa mwanafunzi wangu, ana tabia njema, mpokeeni. Hiyo haikusaidii kitu. Mfuate mhadhiri wako mapema, mwezi kabla, umpelekee tangazo lenyewe, CV yako na ukurasa mmoja wa mambo uliyofanya chini yake. Mkumbushe kwamba ni wewe uliyesafisha ile data ya hospitali iliyokuwa na tarehe za kuzaliwa zimegeuka. Yeye ana wanafunzi mia, hawezi kukumbuka. Ukimkumbusha ataandika, na barua yenye kisa kimoja cha kweli husomwa mara mbili.

Bint_Nyali

Mimi nimeandikia maprofesa wengi, hakuna anayejibu. Nina masta ya sayansi ya mazingira kutoka chuo cha umma hapa Kenya, matokeo mazuri. Barua yangu ni ya heshima sana, naanza kwa kumtakia afya njema na familia yake. Tatizo liko wapi?

Mchu_na_Mkandaa

Dada yangu, heshima yako ni nzuri na mtu wa kwetu angeifurahia. Profesa wa kule hufungua barua kwa dakika moja kati ya vikao viwili, na asipoona jambo lenyewe kwenye mistari miwili ya mwanzo anaifunga. Nitakuonyesha kwa mfano wa upande wangu.

Kichwa cha barua kiwe jina la mradi wake au namba ya tangazo, kisiwe "ombi la PhD". Mstari wa kwanza umwambie umesoma nini chake na umeona nini chako. Kwa mfano: nimesoma makala yenu juu ya miche ya mikoko kufunikwa na udongo, nilipofanya masta nilipima udongo kwenye hori la Mwache, ambako mikoko mingi ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, na sehemu niliyopima mimi miche imerudi upande mmoja tu wa mkondo. Hapo ameshaacha kunywa chai yake. Mstari unaofuata umpe swali: kwa nini upande mmoja? Kisha useme una uwezo gani, kama unatumia programu ya R, au ramani za setilaiti, au unaweza kuongoza boti na kuzungumza na kamati ya kijiji. Malizia kwa kumuuliza kama ana nafasi au anatarajia kuwa nayo, na kama ufadhili unamfikia Mkenya. Tia CV ya kurasa mbili. Barua yote isizidi maneno mia mbili.

Na usimtumie barua moja kila mtu. Ni afadhali uandikie watatu uliowasoma kuliko hamsini uliookota majina yao. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa upole. Kisha endelea na mwingine.

Mama_wa_Wawili

Daktari, hayo yote ni mazuri kwa kijana asiye na watoto. Mimi nina wawili, mdogo yuko gredi ya pili. Mume hakatai, lakini miaka minne Ulaya peke yangu siwezi, na mama mkwe ameshaanza kusema.

Mchu_na_Mkandaa

Mama, usiondoke kwenye jambo hili kwa ajili hiyo. Ziko njia mbili tatu.

Ya kwanza ni ile inayoitwa sandwichi. Chuo cha Wageningen kule Uholanzi wanayo kwa jina hilo hilo: unakwenda miezi kadhaa mwanzoni kupanga utafiti, unarudi nyumbani kukusanya data yako, unakwenda tena mwishoni kuandika.

Ya pili ni kusomea huku huku Afrika Mashariki kwa pesa ya nje. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hufadhili uzamifu ndani ya vyuo na taasisi washirika za hapa kwa miaka hadi mitatu, na ndani yake unaweza kuomba miezi michache ya utafiti Ujerumani. Wao hutilia nguvu wanawake na watu wa maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa hiyo mama wa Pwani asijifiche kwenye barua, ajitaje. Angalia tu sharti la muda: shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Kwa wadudu na kilimo, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Nairobi wana programu ya uzamifu iitwayo ARPPIS tangu 1983. Kwa sayansi na uhandisi, Umoja wa Afrika wana chuo cha PAUSTI ndani ya JKUAT, Juja, na karo na posho hutoka kwao.

Ya tatu ni kwenda na familia. Uingereza tangu Januari 2024 wamewazuia wanafunzi wengi wa uzamili kuleta familia, lakini wa PhD bado wanaruhusiwa. Hapo piga hesabu kwa makini sana. Kila mmoja hulipa ada ya afya pamoja na viza, na kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na huitoa yote kwa pamoja kabla hajasafiri. Kwa miaka minne ni zaidi ya pauni 3,000 kwa kichwa kimoja. Posho ya kwanza bado haijaingia wakati huo. Ongeza kipimo cha kifua kikuu na tiketi. Uliza chuo kwa maandishi kama wanarudisha ada hizo, vipo vinavyorudisha. Mtu anaweza kushinda nafasi akaishindwa kwa nauli, na hilo linauma kuliko kunyimwa.

Bandarini

Naomba nisimame upande mwingine kidogo. Mnawahamasisha watu kusoma, sawa. Lakini tazameni vyuo vyetu: wahadhiri wanagoma kwa mishahara, wenye PhD wanafundisha kwa vipindi na kulipwa baada ya mwaka. Binamu yangu ni daktari wa falsafa na anauza vipuri Mwembe Tayari. Mnawatuma watu wapi?

Mchu_na_Mkandaa

Ndugu yangu, ulilosema ni kweli na sitalipaka rangi. Ndiyo maana nasema ya ufadhili. Mtu asiuze shamba la baba Kwale kulipia PhD, na asikope. Miaka yake mitatu minne ilipwe na mradi, atoke bila deni. Na asiingie akitegemea chuo peke yake. Upande wa bahari, watu wa uzamifu wanahitajika kwenye mashirika ya uhifadhi, kaunti, bandari, miradi ya kaboni. Leo kwenye meza nyingi zinazoamua mambo ya pwani hii anayeketi kama mtaalamu anatoka mbali, na sisi tumeitwa kama wadau. Mimi nataka watu wetu waketi kwenye kiti kile kingine. Binamu yako alisomea nini? Niandikie, huenda kuna mlango.

Mwalimu_Changamwe

Nawasoma tangu jana. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina uzamili wa Kiswahili, umri wangu ni miaka 44. Naona mifano yenu yote ni ya mikoko na malaria. Sisi wa lugha hatuna chetu? Na umri huu si nimeshapitwa?

Hati_za_Kale

Mwalimu, karibu sana, hapa ndipo pangu. Wa lugha tuna chetu na ni kikubwa. Angalia Bayreuth, Ujerumani: wana skuli ya uzamifu ya masomo ya Kiafrika, BIGSAS, tangu 2007, na Kiswahili kimesomwa pale miaka mingi. Hamburg wana kituo kizima cha kutafiti hati za mkono za dunia nzima. London, chuo cha SOAS wana mkusanyiko mkubwa wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, tendi kwa tendi, na nyingi zimetoka huku huku Mvita, Lamu na Pate. Sasa niambie, ni watu wangapi katika darasa la uzamifu Ulaya wanaweza kuzisoma hati hizo bila kamusi? Wewe ulisoma madrasa?

Mwalimu_Changamwe

Nimesoma, na babu alikuwa na daftari za tendi. Herufi nazisoma. Kuna vina vingine vya Kiamu hunitatiza, lakini nasoma.

Hati_za_Kale

Basi unayo silaha ambayo profesa hawezi kumfundisha mwanafunzi kwa mwaka mmoja. Nenda Fort Jesus ukawaulizie RISSEA, taasisi ya utafiti wa Uswahili ya Makavazi ya Kitaifa. Waulize ni miradi ipi iko hai na inashirikiana na chuo gani. Na zile daftari za babu usimpe mtu azipige picha kabla hujakaa ukafikiri. Zaweza kuwa ndiyo PhD yako.

Mchu_na_Mkandaa

Kuhusu umri: Marie Curie hawana kikomo cha umri. Uingereza na Marekani vilevile wanachotazama ni kazi yako. Penye kikomo huandikwa wazi. CARTA kwa mfano, ule muungano wa vyuo vya Afrika ulioanza 2008, umewahi kuweka chini ya miaka 40 kwa wanaume na 45 kwa wanawake, tena ni wa wafanyakazi wa vyuo wanachama, kwa hiyo huo si wako. DAAD tazama mwaka wa uzamili wako, si mwaka wa kuzaliwa.

Fanya hivi, Mwalimu. Andika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza eleza daftari moja tu la babu: lina nini, limeandikwa lini kama tarehe ipo, lilitumika wapi, nani alikuwa akilisoma na kwa shughuli gani. Ukurasa wa pili andika swali moja ambalo daftari hilo linalizua na hakuna aliyelijibu. Usitaje nadharia bado. Usitaje ufadhili bado. Hati_za_Kale akusomee upande wa herufi na lugha, mimi nitausoma upande wa maombi. Tuma rasimu kwa ujumbe wa faragha kabla ya Ijumaa nami nitaisoma Jumamosi baada ya alasiri. Bint_Nyali na wewe ilete ile barua pepe yako ya zamani, tuiandike upya pamoja.